Wawili Wawili Barabarani: Hoja ya Msafara wa Baiskeli

Katika mikoa iliyo kusini mwa Ziwa Victoria baiskeli ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha michezo. Huchukua mkaa, magunia ya mpunga, madumu ya maji, wagonjwa, wanafunzi na abiria wa kulipa. Mtu akipita Shinyanga alfajiri atakutana na Phoenix za kutoka China, Avon na Hero za kutoka India, na kwa nadra sana, ikiwa imekazwa kwa waya hapa na pale, Swala ya zamani iliyoundwa na kiwanda chetu wenyewe. Kwa hiyo si ajabu kwamba mikoa hiyo imetoa waendeshaji hodari wa mashindano, wala si ajabu kwamba katika miji yake midogo kumezuka vilabu vya watu wanaokutana Jumapili asubuhi na kwenda pamoja kilomita 60, 80 au hata 100, bila gunia wala abiria.

Makala haya yahusu safari hizo za pamoja, na hasa swali moja ambalo limeleta ugomvi mwingi kati ya waendeshaji, madereva na walinzi wa usalama barabarani. Watu kumi wanapokwenda pamoja kwa baiskeli katika barabara kuu, je, wafuatane mmoja mmoja ukingoni mwa lami, au waende wawili wawili bega kwa bega? Karibu kila mtu asiyeendesha baiskeli hujibu upesi kwamba wafuatane mmoja mmoja. Mwandishi wa makala haya aliamini hivyo pia kwa miaka mingi. Sasa haamini, na angependa kueleza sababu zake kwa hesabu ambazo msomaji yeyote aweza kuzirudia kwa penseli na karatasi.

Sababu ya kwanza si hesabu. Tulikuwa tisa, tukitoka Shinyanga kuelekea Maganzo, asubuhi, jua limekwisha kupanda na barabara ikiwa imenyooka na kavu. Tulifuatana mmoja mmoja kama tulivyoelekezwa, magurudumu yetu yakiwa shibiri chache tu kutoka ukingo wa lami. Lori lenye tela lilitukuta kwa nyuma, dereva akaona kwamba nafasi ipo, akaanza kutupita pasipo kuuvuka vizuri mstari wa katikati. Alipofika kati ya msafara wetu basi lilitokea mbele yake. Akarudi kushoto. Kichwa cha lori kilikuwa kimekwisha kutupita sote, lakini tela lilikuwa bado ubavuni mwetu, na nyuma ya tela hilo ndiko kulikomgusa kijana aliyekuwa wa tatu kutoka mbele. Alivunjika paja. Leo anatembea kwa kuchechemea na anaziba viraka sokoni, kazi anayoifanya vizuri, lakini hajapanda tena baiskeli ya mwendo wa kasi. Baadaye tuliambiwa na ofisa mmoja kwamba tulikuwa na bahati, na kwamba safari nyingine tujisogeze ukingoni zaidi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama shauri hilo lina msingi.

Kabla ya kulipima shauri hilo yafaa tueleze kwa nini watu hupenda kwenda pamoja hata kidogo, maana wako wanaodhani ni mazungumzo tu.

Mwendesha baiskeli katika nchi tambarare hushindana na mambo mawili makubwa, nayo ni msuguano wa matairi juu ya lami, na ukinzani wa hewa. Gharama ya lile la kwanza hukua sambamba na mwendo. Ya pili hukua kwa pupa. Kani ya hewa huongezeka kwa mraba wa mwendo, na nguvu inayotakiwa ili kuishinda huongezeka kwa kipeo cha tatu, yaani mwendo ukizidishwa mara mbili, gharama ya hewa huzidi mara nane. Tumchukue mtu ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 80. Shinyanga iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na siku yenye joto la nyuzi 28 mita moja ya ujazo ya hewa yake ina kilo 1.03 hivi, wakati pwani kwa joto hilohilo ingekuwa karibu kilo 1.17. Mtu wetu akienda kilomita 18 kwa saa, mwendo wa kwenda dukani, matairi humdai wati 24 hivi na hewa humdai wati 22. Wadai wawili hao wako sawa. Akienda kilomita 36 kwa saa matairi yatadai wati 47, lakini hewa itadai wati 180. Kuanzia hapo anayeendesha baiskeli anaendesha, kwa kweli, ndani ya kitu kinachomsukuma kifuani, ingawa macho yake hayakioni.

Wembamba wa hewa ya nyanda za juu husaidia kidogo. Mwaka 1972 Eddy Merckx wa Ubelgiji, alipotaka kuvunja rekodi ya masafa ya saa moja, alisafiri hadi Mexico City, mji ulio juu ya mita 2,200, naye akapata kilomita 49.431. Sisi twapata sehemu ndogo ya faida hiyo bila nauli ya ndege. Lakini katika kiangazi upepo wa kusini-mashariki hutunyang'anya faida yote tunaporudi nyumbani kutoka upande wa Mwanza. Mtu yule yule wa kilo 80, akienda mita 8 kwa sekunde, yaani kilomita 29 hivi kwa saa, huhitaji wati 130 hewa ikiwa imetulia. Upepo wa mita 3 tu kwa sekunde ukimkabili usoni, atahitaji wati 212 ili asipunguze mwendo. Tofauti hiyo ndiyo inayomtenga mtu anayeweza kusimulia hadithi na mtu anayehema tu.

Dawa ya upepo huo ni mgongo wa mwenzako. Hewa iliyokwisha kupasuliwa na mtu wa mbele huwa bado inajongea kumfuata, nayo haimpingi wa nyuma kwa nguvu ileile. Jambo hili limepimwa mara nyingi. Mwaka 1979 Chester Kyle wa Marekani alitangaza vipimo vilivyoonyesha kwamba anayefuata kwa karibu hupunguziwa zaidi ya theluthi moja ya ukinzani wa hewa. Mwaka 1990 watafiti wengine wa nchi hiyohiyo, walioongozwa na McCole, walipima oksijeni inayotumiwa na waendeshaji barabarani. Anayemfuata mwenzake mmoja kwa kilomita 32 kwa saa alitumia pungufu kwa asilimia 18 kwa wastani, na kwa kilomita 40 kwa saa alitumia pungufu kwa asilimia 27. Aliyekaa nyuma ya kundi la watu wanane, tena kwa kilomita 40, alitumia pungufu kwa asilimia 39. Mwaka 2018 Bert Blocken na wenzake walichunguza kundi la mashindano la watu 121, wakaona kwamba aliye ndani kabisa mwa kundi hilo hupata ukinzani usiozidi moja ya kumi ya ule wa mtu aliye peke yake. Na liko jambo linalowashangaza wengi: hata anayeongoza hunufaika kwa kiasi cha asilimia 2 au 3, kwa sababu mwili ulio nyuma yake hupunguza ule mvuto wa hewa unaomrudisha nyuma. Faida hiyo ni ndogo, lakini ipo.

Msomaji asiye na maabara aweza kulithibitisha jambo hili kwenye mteremko wowote mrefu usio na magari. Watu wawili wenye uzito sawa na baiskeli zinazofanana wateremke bila kukanyaga pedali, wa pili akiwa nusu mita nyuma ya wa kwanza. Muda si muda wa pili atalazimika kushika breki asimgonge mwenzake. Wabadilishane nafasi, na mambo yatakuwa yaleyale. Katika klabu yetu tumejaribu pia kuhesabu mapigo ya moyo kwa robo dakika baada ya kilomita 5 za kuongoza na kilomita 5 za kufuata. Kila mara mapigo ya mfuasi yalikuwa machache. Hatukuandika matokeo hayo kwa utaratibu unaostahili kuchapishwa, kwa hiyo sitayatoa hapa, lakini wanafunzi wa sekondari wangeweza kufanya kazi hiyo vizuri zaidi yetu kwa saa moja ya ukutani na daftari.

Wala elimu hii haikuletwa na vilabu. Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti tulikuwa tukirudi kutoka upande wa Hungumalwa, upepo ukiwa usoni, tukampita mzee mmoja juu ya Phoenix yenye kreti mbili tupu za soda kwenye keria. Tulimwamkia, akaitikia. Baada ya dakika chache nikasikia mlio wa mnyororo mkavu nyuma yangu. Mzee alikuwa amejibandika mwisho wa safu yetu, kifua amekiinamisha juu ya usukani, macho kayaelekeza kwenye bega la aliyemtangulia. Alikaa hapo karibu kilomita kumi, juu ya baiskeli ya gia moja ambayo nadhani haikupungua kilo 20. Tulipopumzika nilimwuliza, "Baba, nani aliyekufundisha kujikinga upepo?" Akacheka. "Sisi tulikuwa tukipeleka pamba, watu wanane, kila mmoja na robota lake. Aliyechoka alirudi nyuma ya wenzake. Ninyi mmevaa nguo za kubana tu." Tangu hapo sioni haya kusema kwamba wapimaji wa 1979 walitia tarakimu katika jambo ambalo wachukuzi wa pamba walilijua kwa mapaja yao.

Mzee yule aliangalia bega na si gurudumu, na hapo pana sababu ya kisayansi. Baiskeli husimama wima kwa sababu mwendeshaji, bila kufikiri, hugeuza gurudumu la mbele kila mara kuelekea upande anaoanza kuangukia. Mtu akilizuia gurudumu hilo lisigeuke, baiskeli huanguka hata kama mwendeshaji ni bingwa. Ndiyo maana magurudumu mawili yanapogusana, la mbele la mfuasi na la nyuma la kiongozi, anayeanguka ni mfuasi. Kiongozi gurudumu lake la kuongozea li huru, wakati la mfuasi limebanwa ubavuni. Anayekodolea macho gurudumu la mwenzake huona hatari ikiwa imekwisha kufika. Anayeangalia bega huona mwili ukijiandaa kupinda, kusimama au kukwepa shimo, naye hupata nafasi ya kuitika. Kutokana na hayo vilabu vyote hujiwekea sheria zilezile, yaani usishike breki ghafla, usiache kukanyaga bila sababu, onyesha shimo kwa mkono, paza sauti gari linapokuja. Mgeni anayejiunga nasi huwekwa nyuma kwa majuma kadhaa mpaka ajifunze kutulia. Wengine hukasirika na kuondoka, na tunawaacha waende.

Basi sasa turudi kwenye swali letu la barabara.

Nusu ya lami, yaani njia ya upande mmoja, katika barabara zetu nyingi kuu ina upana wa mita 3 na robo hivi. Lori au basi kubwa lina upana wa mita 2 na nusu, ukiacha vioo. Toa hiyo katika ile, na inabaki robo tatu ya mita. Mabega ya mwendeshaji na usukani wake hujaza sehemu kubwa ya nafasi hiyo, na bado hatujahesabu kuyumba kwake wala upepo wa lori ambao kwanza humsukuma nje na halafu humvuta ndani. Kwa maneno mengine, hakuna lori linaloweza kumpita kwa usalama hata mwendeshaji mmoja aliye juu ya lami bila kuvuka mstari wa katikati. Msafara ukienda mmoja mmoja haumpunguzii dereva haja ya kuvuka. Humfanya tu adhani kwamba haja hiyo haipo.

Ikiwa dereva sharti avuke kwa vyovyote, jambo la maana ni urefu wa muda atakaokaa upande wa pili. Tuhesabu. Baiskeli moja ina urefu wa karibu mita 1.8. Watu kumi wakifuatana kwa nafasi ya mita moja moja, msafara wao una urefu wa mita 27. Wakienda wawili wawili una urefu wa mita 13. Lori lenye tela tulipe mita 18, na tumtake dereva aache mita 10 kabla ya kuvuka na mita 10 kabla ya kurudi. Kwa msafara wa mmoja mmoja lori lazima liupite kwa mita 65, kwa ule wa wawili wawili mita 51. Lori likienda kilomita 70 kwa saa na baiskeli kilomita 28, tofauti ya miendo ni mita 11.7 hivi kwa sekunde. Msafara mrefu utachukua sekunde 5.6, ule mfupi sekunde 4.4. Sekunde moja na ushei yaonekana kitu kidogo. Lakini katika muda huo lori lenyewe linasonga mbele, na basi linalotoka mbele kwa kilomita 80 kwa saa linasonga kulikabili. Ukijumlisha masafa ya vyombo hivyo viwili, dereva anayepita msafara mrefu ahitaji barabara iliyo wazi kwa mita 230 hivi, na anayepita msafara mfupi mita 180 hivi. Mita 50 hizo ni zile ambazo tela lilikuwa bado halijazimaliza siku ile ya Maganzo.

Jirani yangu mmoja amekuwa dereva wa malori kwa muda mrefu. Nilimwonyesha hesabu hii, akaisoma yote kwa makini, maana si mtu wa kudharau karatasi. Kisha akasema, "Mwalimu, wewe unaona hesabu. Mimi naona ukuta."

"Ndivyo tunavyotaka uone, ndugu yangu," nikamjibu. "Ukiona ukuta utasubiri."

"Na kusubiri nako kuna gharama."

Hapo alisema kweli, na ni haki gharama hiyo nayo ihesabiwe. Lori la tani 40 likishuka kutoka kilomita 70 hadi 28 kwa saa, kisha likarudi kwenye mwendo wake, injini lazima irejeshe nishati ya karibu megajuli 6.3. Lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi, na injini hutumia kwa manufaa kama theluthi moja ya hizo au zaidi kidogo. Kwa hiyo kila mara msafara wetu unapomlazimisha kupunguza mwendo kiasi hicho, twamgharimu takriban nusu lita. Kwa mtu anayelipwa kwa safari, nusu lita si kitu cha kubezwa, na misafara mitatu ya baiskeli kati ya Shinyanga na Mwanza yaweza kumharibia hesabu ya siku. Nimelitaja jambo hili katika mikutano ya klabu na halikupendwa. Hata hivyo nashikilia kwamba msafara usizidi watu kumi, na kwamba barabara inapopanuka, penye kituo cha mabasi au njia panda, msafara ujitoe kando na kuwaacha waliosubiri wapite. Wakiwa ishirini wagawanyike makundi mawili yaliyoachana vya kutosha lori kurudi kati yao.

Wako watakaouliza kwa nini tusitumie bega la barabara, lile pande lililo nje ya mstari wa ukingoni. Jibu langu ni kwamba penye bega pana, lililotiwa lami laini na lililosafishwa, tulitumie, tena mmoja mmoja, na hoja yote ya makala haya iishie hapo. Tatizo ni hali ya mabega tuliyo nayo. Mengi yana kokoto zilizofunguka, mchanga ulioletwa na mvua, kingo zilizomeguka na vipande vya matairi ya malori. Aidha mabega yana wenyewe. Humo hupita akina mama wenye ndoo, watoto wa shule, mbuzi, wauza mkaa na baiskeli zenye mizigo inayopindukia upana wa mwenye baiskeli. Kundi linalokwenda kilomita 30 kwa saa katikati ya watu wanaokwenda kilomita 4 huwatendea wenzake kilekile ambacho malori hututendea sisi.

Na uko upepo wa ubavu, ambao wapinzani wa safari za wawili wawili hawautaji na sisi wenyewe hatupendi kuutaja. Upepo ukitoka ubavuni, kinga haipo nyuma ya mwenzako bali nyuma na pembeni, na kundi huelekea kujipanga mshazari, kila mmoja akitafuta upande uliofichwa. Katika mashindano yenye barabara iliyofungwa mshazari huo huenea kutoka ukingo hadi ukingo, na ni jambo zuri kulitazama. Katika barabara iliyo wazi ni wazimu. Jozi ya kwanza ikianza mshazari, ya nne hujikuta mstari wa katikati. Nimewahi kuona klabu yetu ikifanya hivyo karibu na njia panda ya Mwigumbi, na dereva aliyetupigia honi siku hiyo alikuwa na haki kamili. Upepo wa ubavu ukivuma, wawili wawili wanyooke na wavumilie.

Kuhusu sheria, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa barabarani uliotiwa saini Vienna mwaka 1968 uliziachia nchi uhuru wa kutowakataza waendesha baiskeli kwenda wawili au zaidi bega kwa bega. Uingereza ilirekebisha kanuni zake za barabarani Januari 2022, ikaeleza kwamba waendeshaji waweza kwenda wawili wawili na kwamba kufanya hivyo kwaweza kuwa salama zaidi, hasa katika makundi makubwa au wanapofuatana na watoto na wanaojifunza. Sitaji Uingereza kwa kuwa kila kitokacho huko ni chema. Nataja kwa kuwa waandishi wa kanuni hizo walifikia, kwa njia yao, pale penye hesabu ya mita 27 na mita 13.

Pengine msomaji ataona kwamba haya ni mambo ya watu wachache wenye muda wa kupoteza Jumapili. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu milioni 1.19 duniani, zaidi ya nusu yao wakiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Wengi wa waendesha baiskeli hao hawakuwa na klabu. Mchukuzi wa mkaa anayekwenda peke yake usiku bila taa ana hatari kubwa kuliko sisi. Ila yeye hana mkutano wa kila mwezi, hana katibu wa kuandika barua, na hana nafasi ya kupima. Klabu inavyo vyote hivyo, na kama haivitumii kwa ajili yake, sioni sababu ya kuionea fahari.

Aidha si kweli kwamba klabu za miji midogo hazizai kitu. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda mashindano ya kuzunguka Ufaransa mara nne kati ya 2013 na 2017, alijifunza kwenda katika kundi akiwa kijana mdogo pamoja na David Kinjah na vijana wake huko Kikuyu, mji mdogo nje ya Nairobi. Biniam Girmay wa Asmara alitwaa mwaka 2024 jezi ya kijani ya mashindano hayohayo. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika bara letu, juu ya milima iliyowachosha hata mabingwa kiasi kwamba katika mbio kuu za wanaume ni 30 tu waliofika mwisho. Wanyarwanda walijaa barabarani kutazama. Wengi wao walikuwa wamepanda vilima vilevile maisha yao yote, wakiwa na viazi au ndizi nyuma.

Wahandisi wetu wa barabara hupima unene wa lami kwa kuhesabu ekseli nzito zitakazoikanyaga katika miaka ijayo. Katika hesabu hiyo baiskeli ni sifuri, na ni sahihi iwe sifuri, maana haiumizi lami. Kosa ni kuiacha iwe sifuri pia katika kuamua upana wa bega, ubora wa uso wake na mara ngapi linafagiwa. Kwa mambo hayo chombo chepesi ndicho kinachopaswa kuhesabiwa kwanza, kwa kuwa ndicho kinachopita humo.

Mwaka jana wanachama sita wa klabu yetu walikaa chini ya mti karibu na Maganzo, kuanzia saa 12 alfajiri hadi saa 6 mchana, wakitia vijiti vitano vitano katika daftari kwa kila chombo kilichopita. Baiskeli zilizidi magari ya kila aina yakijumlishwa pamoja. Nakala ya hesabu hiyo tuliipeleka mahali panapohusika, nasi twasubiri jibu. Tutahesabu tena msimu wa kununua pamba utakapofunguliwa, na safari hii tutapima pia upana wa bega kila baada ya kilomita moja, mkono wa kushoto na wa kulia, kwa utepe wa fundi cherehani, kwa kuwa ndio tulio nao. Yule kijana wetu amekubali kushika daftari.